Kwa nini filamu nyingi hubandikwa utaifa kwenye jina?

“Nimemaliza muswada wa filamu fupi kuhusu muuguzi anayemhudumia mzee mmoja nyumbani kwake, katika nchi ambayo yeye muuguzi ni mgeni. Nimeipa jina ‘Zamu ya Usiku’. Mtayarishaji amelikataa. Anataka iitwe ‘Muuguzi’ kisha lifuate taifa la mhusika wangu, eti ndivyo filamu zinavyouzika. Nimeanza kuangalia na kweli, kila nikigeuka nakutana na American hiki, Italian kile, English, French, Spanish. Huu ni uvivu, ni ubaguzi, au kuna siri ya biashara nisiyoijua? Naogopa mhusika wangu atageuzwa bendera. Niongeze kwamba ndani ya muswada mzee hamwiti muuguzi kwa jina lake hata mara moja. Humwita kwa taifa lake, mpaka tukio la mwisho.”

Ulichokiona hukukosea. Majina ya aina hiyo ni mengi, na kwa Kiingereza yamepita kiasi. Nimehariri miswada kwa miaka mingi, na sikumbuki msimu uliopita bila mtu kuniletea jalada lenye jina la taifa na nomino moja pembeni yake. Kuna waliolichagua jina hilo kwa akili sana, na kuna walioliweka kwa sababu jirani kaweka. Wewe na mtayarishaji wako tutawapanga baadaye. Sentensi yako ya mwisho, ile uliyoiongeza kama kwa bahati, ndiyo iliyonifanya nikae chini kuandika jibu refu.

Kwanza tuifungue lebo yenyewe, maana Kiswahili kinakupa darubini ambayo mwandishi wa Kiingereza hana. Chukua “American Gangster”, filamu ya mwaka 2007. Utaitafsirije? Jambazi Mmarekani, jambazi wa Marekani, au jambazi wa Kimarekani? Ukisema Mmarekani umetaja mtu na asili yake. Ukisema wa Marekani umetaja mahali anapofanyia ujambazi. Yeye mwenyewe huenda katoka kwingine. Ukisema wa Kimarekani umetaja namna, kwamba ujambazi huu una desturi zake na nchi ile ndiyo iliyoulea. Sisi hatuwezi kufungua kinywa bila kuchagua kiambishi. Kiingereza hakichagui. Neno moja fupi hubeba mtu, mahali na namna kwa pamoja, na muuza tiketi hana haraka ya kukueleza ni lipi kati ya hayo. Mtazamaji huingia ukumbini na maana aliyoijaza mwenyewe, na jina la filamu halitaki zaidi ya hapo.

Ukishaipata darubini hiyo, majina mengi yanafunguka yenyewe. “The Italian Job” ya 1969 haihusu wezi wa Kiitaliano: wezi ni Waingereza, dhahabu iko Turin. Hiyo ni kazi ya Italia, lebo ya mahali. “The French Connection” ya 1971 inahusu polisi wa New York wanaofuatilia heroini iliyopitishwa Marseille, bandari ya Ufaransa, kwa hiyo neno “French” linataja njia ya mzigo.

Ya namna ndiyo tamu kuliko zote. Mwaka 1961 Pietro Germi alitoa filamu ya vichekesho vikali iitwayo “Divorzio all'italiana”, yaani talaka ya Kiitaliano. Wakati huo Italia haikuwa na talaka kisheria; iliruhusiwa mwaka 1970. Kilichokuwapo ni kifungu cha 587 cha sheria ya adhabu, ambacho kilimpunguzia mno kifungo mwanamume aliyemuua mkewe, bintiye au dada yake baada ya kumfumania, kwa hoja ya kulinda heshima ya familia. Basi mhusika mkuu, kabaila wa Sicily aliyemchoka mkewe, anahangaika kumtafutia mwanamume wa kumtongoza ili amfumanie, amuue, atumikie miaka michache, arudi kuoa msichana amtakaye. Hiyo ndiyo talaka yenyewe. Kifungu kile kilikuja kufutwa mwaka 1981. Ukiondoa “ya Kiitaliano” linabaki neno “talaka” peke yake na kejeli yote imekufa, kwa sababu kinachoshtakiwa ni sheria za taifa lile. Na waliobandika lebo ni Waitaliano wenyewe. Hiyo ki- ndiyo ileile tunayoitumia tukisema mtu anakula kizungu au anavaa kihindi: haituambii yeye ni nani, inatuambia anafanyaje.

Sasa nisahihishe dhana moja iliyojificha kwenye swali lako, kwamba lebo ya utaifa husema kweli. Mara nyingi haisemi kweli, na filamu nzuri hulijua hilo. Katika “The English Patient” ya 1996, iliyotokana na riwaya ya Michael Ondaatje, mgonjwa aliyeungua vibaya anaitwa Mwingereza kwa sababu ya anavyoongea tu. Ukweli ni kwamba ni Almásy, kabaila wa Hungaria. Kuna tukio anatoka jangwani kwa miguu kuomba msaada kwa ajili ya mpenzi wake aliyeumia, naye anawatajia askari wa Kiingereza jina lake. Wanalisikia kuwa la kigeni, wanamtia pingu, na mwanamke anakufa pangoni akisubiri. Kwa hiyo jina la filamu ni kosa la kutambua mtu, na ndani ya hadithi kosa la aina hiyohiyo linaua. Ukiitazama mara ya pili, neno “English” pale juu linakuuma.

Mengine ni majina ya vitu tu. “The African Queen” ya 1951 ni mashua. “The Maltese Falcon” ya 1941 ni sanamu ya ndege, nayo ikikwanguliwa mwishoni inaonekana ya bandia. “The Spanish Prisoner” ya 1997 ni jina la utapeli wa zamani: unaandikiwa barua kwamba tajiri fulani amefungwa Hispania, changia kumtoa upate mgao. Ndiyo babu wa zile barua pepe za urithi wa mamilioni tunazozifuta kila asubuhi. Na “American Beauty” ya 1999 inacheza na jina la waridi ambalo, cha kuchekesha, lilizalishwa Ufaransa mwaka 1875 likiitwa Madame Ferdinand Jamin kabla ya kubatizwa upya Marekani. Filamu nzima inahusu sura nzuri iliyofunika kitu kingine, na ua lenyewe lilikuwa limeshaanza mchezo huo zaidi ya miaka 100 kabla.

Huenda unajiuliza kwa nini neno “American” limetapakaa kuliko mengine. Lilianza vitabuni kabla ya filamu kuzaliwa. Henry James alitoa riwaya iitwayo “The American” mwaka 1877, kuhusu tajiri wa Kimarekani akipambana na familia ya kifahari ya Paris. Mwaka 1925 Theodore Dreiser akatoa “An American Tragedy”, na hapo lebo ikapata kazi mpya. Alichukua kisa cha kweli cha mauaji ya mwaka 1906, kijana aliyemuua mpenzi wake mjamzito. Kisa kama hicho kingeweza kutokea popote. Kwa kukiita msiba wa Kimarekani, Dreiser alisema: kijana huyu hakuota jangwani, tamaa hii ya kupanda ngazi tumemfundisha sisi. Lebo ikawa hukumu, kesi moja ikageuka kesi ya taifa. Nyerere alifanya jambo la ukoo huo kwa mkono mwingine alipotafsiri mchezo wa Shakespeare wa mfanyabiashara wa Venice na kuuita “Mabepari wa Venisi” mwaka 1969. Mji alibaki nao, lakini mtu mmoja akageuka tabaka zima. Herufi chache, na jina limeshatoa hoja kabla pazia halijafunguliwa.

Tangu Dreiser, mwandishi wa Marekani akitaka kusema “hiki ni kisa kidogo lakini kinahusu sisi sote” hulichomeka neno hilo mbele. Wakati mwingine anakuwa na haki. Wakati mwingine, nadhani, ni mkongojo: hadithi haijabeba uzito, basi uzito unakopwa kwenye jina. Kipimo kidogo cha kufurahisha ni kwamba riwaya hiyohiyo ya Dreiser ilipofanywa filamu tena mwaka 1951 iliitwa “A Place in the Sun”, bila taifa lolote, na haikupoteza chochote.

Biashara nayo ipo, mtayarishaji wako hajaota. Angalia ni mara ngapi lebo huongezwa njiani, baada ya mwandishi kumaliza kazi. Filamu ya 2017 kuhusu rubani Barry Seal ilikuwa ikiitwa “Mena”, mji mdogo wa Arkansas ambao watu wengi hawajawahi kuusikia. Ilipotoka ikawa “American Made”. Filamu ya Lucía Puenzo ya 2013 kuhusu Josef Mengele, daktari wa Wanazi, akijificha Argentina inaitwa “Wakolda”, jina la mwanasesere. Ilipouzwa kwa wasemao Kiingereza ikawa “The German Doctor”. Kitabu kilichozaa “The Irishman” ya 2019 kina jina la ajabu linalomaanisha “nimesikia unapaka rangi nyumba”, fumbo la wauaji wa kukodiwa, rangi yenyewe ikiwa ni damu. Mwanzoni mwa filamu maneno hayo ya kitabu ndiyo yanayotokea kwenye skrini, lakini bango likasema “The Irishman”, ingawa mhusika ni mzaliwa wa Marekani na anachobeba cha Ayalandi ni ukoo tu. Msambazaji anataka neno ambalo mtu wa mbali atalielewa ndani ya sekunde mbili. Jina la taifa linamfaa: kila mtu ana picha fulani kichwani kuhusu Wajerumani, Wafaransa, Wamarekani. Picha hiyo huenda ni potofu, lakini ipo tayari na haigharimu tangazo.

Mfano ninaoupenda hapa ni Zorba. Riwaya ya Nikos Kazantzakis ya 1946, kwa Kigiriki, jina lake ni maisha na mwenendo wa Alexis Zorbas. Hakuna neno “Mgiriki”, na kwa nini liwepo? Msimulizi mwenyewe ni Mgiriki, waliomzunguka ni Wagiriki. Ilipotafsiriwa kwa Kiingereza ikawa “Zorba the Greek”, na filamu ya 1964 ikaenda mbali zaidi: msimulizi akafanywa mtu aliyekulia Uingereza, anayefika Crete kama mgeni. Yaani lebo ilipoingia kwenye jina, ilidai awepo mtu wa kuisema, na filamu ikamtengeneza. Likumbuke hili, tutalihitaji.

Sasa ubaguzi. Sitakupa jibu la mkato kwa sababu inategemea ni mdomo wa nani unaoita. “My Big Fat Greek Wedding” ya 2002 ina lebo nene kabisa, lakini inaanza na “my”, yangu. Nia Vardalos aliiandika kutokana na ukoo wake mwenyewe, akaicheza kwanza jukwaani peke yake. Filamu iliyogharimu takriban dola milioni 5 ikaingiza zaidi ya milioni 350 duniani. Dada wa ukoo akiwacheka wajomba zake, hata wajomba hucheka. Mgeni akisema maneno yaleyale, kikao kinavunjika.

Kuna pia uzito usio sawa, na hapa ndipo nadhani hofu yako ina msingi wa kweli. “American Psycho” ilipotoka mwaka 2000, hakuna aliyeamini kwamba Wamarekani wote ni wauaji. Kuna maelfu ya filamu nyingine za kuonyesha Wamarekani wakipika, wakioa, wakicheza mpira. Taifa ambalo watazamaji wa nje hawajawahi kuliona kwenye skrini halina akiba hiyo. Filamu moja yenye jina lake huchukuliwa kama cheti cha wote. Muuguzi wako akiwa mkali, “wao” ni wakali. Akiiba dawa, ni wezi. Kama hadithi yako haina nia ya kulibeba taifa zima mabegani, usilitwike kwa kupenda.

Na lebo ikishatoka mkononi mwako huiwezi tena. Riwaya ya 1958 iitwayo “The Ugly American”, ambayo nayo ilifanywa filamu mwaka 1963, ina mhusika mwenye sura mbaya kweli. Ni mhandisi, mikono yake imechafuka, na ni miongoni mwa Wamarekani wachache mle wanaoishi vizuri na wanavijiji. Waandishi walimsifu. Watu wakalichukua jina, wakaacha kitabu, na leo maneno hayo humaanisha Mmarekani mjeuri anayewadharau wenyeji. Kinyume kabisa.

Kwenye sheria nitapita haraka. Watu wengi hudhani jina la filamu lina hakimiliki. Kwa kawaida halina. Sheria hulinda kazi yenyewe, na maneno mawili matatu ya jina hayatoshi. Hata hivyo migogoro ipo. Studio kubwa za Marekani zina daftari lao la hiari la kusajili majina, lililoanzishwa mwaka 1925, na waliojiunga hufungwa na masharti yake. Mwaka 2013 filamu kuhusu mhudumu wa Ikulu ya Marekani ilizuiwa kuitwa “The Butler” kwa sababu studio nyingine ilikuwa na filamu fupi ya kimya ya 1916 yenye jina hilo. Ikabidi jina la mwongozaji litangulie: “Lee Daniels' The Butler”. Nomino tupu hugongana, ndiyo maana watu huishikiza kitu pembeni, na taifa ni kishikizo kilicho karibu. “Muuguzi” peke yake ingekupa shida hiyo. “Zamu ya Usiku” pia, nikuambie ukweli: ni jina zuri lakini linaweza kuwa la filamu yoyote yenye saa na taa.

Kabla ya kusaini chochote na msambazaji, tafuta mwanasheria wa mambo ya hakimiliki mkutane ana kwa ana, akague jina na, kama muuguzi ametokana na mtu halisi unayemjua, akague na muswada. Hilo halimalizwi kwa barua. Vilevile tafuta wauguzi wawili watatu wa taifa hilo wanaofanya kazi ugenini, uwasomee muswada kwa sauti huku umeketi nao. Watakachosema mdomoni kitakuwa cha heshima. Wewe angalia nyuso zao pale mzee anapoita.

Kwa kawaida humpa mwandishi jaribio moja. Badilisha taifa la mhusika, weka jingine la mbali kabisa, kisha soma muswada kuanzia ukurasa wa kwanza. Kama hakuna sentensi iliyolazimika kubadilika, lebo ni pambo. Iondoe kwenye jina. Wengi huishia hapo, nami huwaambia warudi kwenye jina lao la kwanza. Mtayarishaji akisema tamasha litahitaji kujua filamu inatoka wapi, mwambie orodha za matamasha huandika nchi pembeni mwa jina, hakuna haja ya kuitaja mara mbili.

Wewe sikuambii hivyo. Mzee wako hamwiti kwa jina mpaka mwisho. Maana yake lebo tayari imo ndani ya filamu, ina mdomo unaoisema, na ina tukio moja inapoanguka. Zorba wa skrini alilazimika kutengenezewa mgeni wa kumwita Mgiriki. Wewe mtu wa kuisema lebo unaye, ni mzee wako, amelala kitandani anadai chai. Kwa hiyo mtayarishaji wako yuko sahihi, ingawa sababu yake siyo. Yeye anataka lebo kwa ajili ya bango. Wewe unaihitaji ili jina la kweli likitamkwa mwishoni, mtazamaji agundue kwamba naye kwa dakika zote hizo amekuwa akimwita muuguzi kama mzee anavyomwita.

Marekebisho mawili lakini. Futa “Muuguzi” kwenye jina, kwa sababu mzee halisemi neno hilo. Jina litoke kinywani mwake kama lilivyo, pamoja na “yule” au “wewe” kama ndivyo anavyoanza. Halafu angalia kiambishi. Nataka ile ya mtu, M-. Ukiandika wa nchi fulani utatupeleka hospitali za huko kwao, na ukiandika wa Ki- tutadhani unafundisha namna ya kuuguza. Mzee hamwoni kama namna wala mahali. Anamwona kama mtu ambaye hajajisumbua kumwuliza anaitwa nani.

Kuhusu “Zamu ya Usiku”, itunze. Inaweza kukaa vizuri kama maandishi ya tukio mojawapo ndani ya filamu.

Na msambazaji akianza kuandika muhtasari wa filamu, au akitaka kuchapisha orodha ya wahusika chini ya bango, msimamie. Aandike “muuguzi” mwanzo hadi mwisho. Jina la binti huyo lisionekane popote kabla mzee hajalitamka.